Ukisoma Posti ya Mwanasiasa, Tazama Kwanza Kiti ni cha Nani

Alfajiri ya Novemba 5, 2025, kwa saa zetu za Afrika Mashariki, kundi la WhatsApp la watu tuliosoma pamoja lilijaa bendera za Uganda. Zohran Mamdani alikuwa amechaguliwa meya wa New York. Alizaliwa Kampala mwaka 1991, na baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, aliwahi kufundisha Mlimani miaka ya 1970. Katikati ya vigelegele dada mmoja akauliza swali lililolituliza kundi zima. Huyu aliyeshindwa, Andrew Cuomo, si ndiye yule gavana aliyejiuzulu mwaka 2021 baada ya uchunguzi kusema aliwanyanyasa kingono wanawake 11? Imekuwaje apate zaidi ya asilimia 40 ya kura? Na imekuwaje baadhi ya wanasiasa wanawake waliomtaka aondoke wakati ule wasimame naye safari hii? Wa kwanza kujibu walisema adui wa mwanamke ni mwanamke mwenzake. Wengine wakasema kelele zote za #MeToo, ile kampeni ya mtandaoni dhidi ya unyanyasaji wa kingono, zilikuwa silaha ya chama kimoja kukipiga kingine, na silaha ikishatumika hutupwa. Tangu siku ile nimeyasikia majibu hayo mawili mara nyingi, na naamini yote mawili yamelisoma jambo hili vibaya. Anayelisoma vibaya New York atalisoma vibaya Dodoma na Nairobi pia.

Hoja yangu ni hii. Jinsia ya mwanasiasa inatuonyesha nani atalizungumzia suala la unyanyasaji wa kingono mtandaoni, mara ngapi, na kwa lugha gani. Chama chake kinatuonyesha atamtaja nani kwa jina, na lini. Lakini kipo kitu cha tatu ambacho wachambuzi wengi hukiruka, nacho ni bei ya kiti. Mwanasiasa, awe mwanamke au mwanaume, humnyooshea kidole mtu wa chama chake pale ambapo kuondoka kwa mtu huyo hakukigharimu chama kiti, au pale ambapo yeye mwenyewe hana tena cha kupoteza. Bei ikipanda, wengi hurudi kwenye maneno ya jumla au hukaa kimya, na jinsia peke yake mara chache hutosha kuwazuia. Marekani ndiyo mahali pazuri pa kulichunguza hili, kwa sababu wanasiasa wake wameacha kumbukumbu mtandaoni zenye tarehe na saa, na kumbukumbu hizo hazifutiki kirahisi.

Maneno yenyewe, Me Too, yalianza kutumiwa na mwanaharakati Tarana Burke mwaka 2006, miaka mingi kabla wanasiasa hawajayagusa. Yalilipuka Oktoba 2017, siku chache baada ya gazeti la New York Times kuchapisha habari za tuhuma za kingono dhidi ya mtayarishaji filamu Harvey Weinstein. Facebook walisema katika saa 24 za kwanza watu milioni 4.7 duniani walikuwa wameyazungumzia. Kabla mwezi haujaisha, mbunge Jackie Speier wa California aliweka mtandaoni video akieleza jinsi mkuu wa ofisi alivyombusu kwa nguvu alipokuwa mfanyakazi kijana wa Bunge, akawaalika wengine waseme yaliyowapata kwa alama reli ya #MeTooCongress. Hapo jinsia inaonekana waziwazi. Speier alisema kama mtu aliyetendewa. Linganisha na Oktoba mwaka uliotangulia, ulipovuja mkanda wa Donald Trump akijisifu jinsi anavyowashika wanawake: Mitch McConnell, kiongozi wa Warepublican katika Seneti, alisema katika taarifa yake kwamba anazungumza kama baba wa mabinti watatu. Wanaume wengi waliopaza sauti siku zile walitumia mlango huohuo wa kuwa baba au mume. Mwanamke anasema yalinipata, mwanaume anasema ninao wanaoweza kupatwa. Sisemi mmoja ni mkweli kuliko mwingine. Ninachosema ni kwamba umbali wao na jambo lenyewe haulingani, na umbali huo unasikika katika sentensi.

Hata hivyo, anayesema wanasiasa wanawake huzungumza zaidi kwa sababu ni wanawake inabidi kwanza ahesabu. Mwaka 2017 Bunge la Marekani lenye viti 535 lilikuwa na wanawake 105, na kati yao 78 walikuwa wa chama cha Democratic. Katika Seneti walikuwa 21: Wademokrat 16, Warepublican 5. Kwa hiyo ukikusanya posti zote za wabunge wanawake kuhusu unyanyasaji, umekusanya kwa sehemu kubwa posti za chama kimoja. Jinsia na chama vimesukwa pamoja kama ukili. Ukitaka kuvitenganisha, hesabu ya jumla haikusaidii. Inabidi utafute matukio ambamo jinsia inamvuta mtu upande mmoja na chama kinamvuta upande mwingine, kisha uone anakoangukia.

Tukio la kwanza la aina hiyo ni la Seneta Al Franken wa Minnesota, Mdemokrat aliyewahi kuwa mchekeshaji wa televisheni. Alituhumiwa hadharani Novemba 16, 2017, na katika siku zilizofuata wanawake wengine wakajitokeza. Yeye aliomba radhi kwa sehemu, na mengine akasema anayakumbuka tofauti. Zikapita siku 20. Katika siku hizo wenzake wengi, wake kwa waume, walisema jambo ni zito na lipelekwe kwenye Kamati ya Maadili. Asubuhi ya Desemba 6, tuhuma mpya ilipochapishwa, Seneta Kirsten Gillibrand wa New York aliweka kwenye ukurasa wake wa Facebook tamko refu akimtaka Franken ajiuzulu. Muda mfupi baadaye wakafuatana Claire McCaskill, Mazie Hirono, Patty Murray, Kamala Harris, Tammy Baldwin na Maggie Hassan. Wanaume walianza kuingia baada yao, na Bob Casey wa Pennsylvania akiwa miongoni mwa wa mwanzo. Hadi siku inaisha, zaidi ya maseneta 30 wa chama hicho walikuwa wamesema vivyo hivyo. Kesho yake Franken alitangaza kwamba anaondoka.

Walioandika habari ile waliiita siku ya wanawake wa Seneti, na wana haki. Mfuatano wa majina ulikuwa wa kijinsia bila shaka yoyote. Maseneta hao walikuwa wakizungumza wao kwa wao kabla ya siku hiyo, na kwa kuwa walikuwa 16 katika chama kimoja, hakuna aliyelazimika kusimama peke yake kwa zaidi ya dakika chache. Idadi ndiyo iliyowapa kifua. Lakini zitazame na zile siku 20, kisha uitazame kalenda. Desemba 12 ilikuwa siku ya uchaguzi wa useneta Alabama, ambako Wademokrat walikuwa wakipambana na Roy Moore, Mrepublican aliyetuhumiwa na wanawake waliosema aliwafuata wakiwa wasichana wadogo yeye akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu. Mmoja wao alisema alikuwa na miaka 14. Moore alikanusha. Chama kilichotaka kumshinda Moore kwa hoja hiyo hakikuweza kwenda Alabama na Franken begani. Zaidi ya hayo, gavana wa Minnesota, Mark Dayton, alikuwa Mdemokrat, na sheria ilimpa yeye kuteua mrithi. Alimteua Tina Smith, Mdemokrat mwenzake. Kwa hesabu ya viti, chama hakikupoteza hata kimoja. Siamini kwamba Gillibrand na wenzake walikuwa wakiigiza uchungu. Ninachoamini ni kwamba uchungu wao ulipata njia iliyo wazi siku ile, na njia hiyo ilifunguliwa na bei ndogo ya kiti.

Sasa ugeuze upande. Habari za Moore zilipotoka Novemba 9, Warepublican wengi walijificha nyuma ya neno dogo la “kama”: kama ni kweli, ajitoe. Waliovuka “kama” hiyo mapema walikuwa watu wa namna fulani. John McCain alikuwa mgonjwa wa saratani, na uchaguzi mwingine haukuwa mbele yake. Mitt Romney, aliyeandika kwenye Twitter kwamba anamwamini mwanamke aliyemtuhumu Moore na kwamba dhana ya kutokuwa na hatia ni ya mahakamani, haihusu uchaguzi, hakuwa na cheo chochote wakati huo. Jeff Flake aliweka picha ya hundi ya dola 100 aliyomwandikia mgombea wa Democratic, ila wiki chache kabla alikuwa ametangaza kwamba hagombei tena. Susan Collins, aliyeandika kwamba kukanusha kwa Moore hakumshawishi, hushinda jimboni Maine kwa kura za watu wasio na chama. McConnell naye alisema anawaamini wanawake, na tukumbuke kwamba Moore alikuwa akifanya kampeni ya kumng’oa yeye kwenye uongozi wa Seneti. Katika orodha hiyo mwanamke ni mmoja. Kinachowaunganisha ni kwamba kila mmoja alikuwa huru kwa namna yake, au alikuwa na faida yake.

Sasa mtazame Kay Ivey, gavana wa Alabama, mwanamke na Mrepublican. Aliulizwa kama anawaamini wanaomtuhumu Moore, akajibu kwamba hana sababu ya kutowaamini. Akaongeza kwamba kura yake atampa Moore, kwa kuwa Seneti ndiyo inayothibitisha majaji wa Mahakama ya Juu, na chama kinahitaji kiti hicho. Sijawahi kusikia mwanasiasa akiitaja bei ya kiti kwa uwazi kuliko hapo, isipokuwa Rais Trump mwenyewe, aliyeandika Desemba 4 kwenye Twitter kwamba kwa kuwa Wademokrat wamekataa kutoa hata kura moja ya kupunguza kodi, Moore anahitajika Alabama. Kodi na majaji upande mmoja wa mizani, wasichana wa zamani upande wa pili. Wapigakura nao walikuwa na mizani yao: kwa kura za maoni zilizochukuliwa vituoni, asilimia 63 ya wanawake weupe wa Alabama walimpigia Moore, na asilimia 98 ya wanawake weusi walimpigia mpinzani wake Doug Jones, aliyeshinda kwa tofauti ya chini ya asilimia 2. Mtu akikuambia “wanawake watasema”, muulize wanawake wapi, na wa chama gani.

Ili nisionekane nakichagua chama kimoja, kuna Missouri ya mwaka 2018. Gavana Eric Greitens, Mrepublican, alituhumiwa na mwanamke aliyekuwa na uhusiano naye kwamba alimlazimisha na kumtisha. Alikanusha. Bunge la jimbo lililokuwa mikononi mwa chama chake liliunda kamati, likatoa ripoti kali, na Mwanasheria Mkuu Josh Hawley, Mrepublican aliyekuwa akigombea useneta mwaka huohuo na aliyelemewa na kashfa hiyo, akamtaka ajiuzulu. Greitens aliondoka Juni. Mrithi wake kikatiba alikuwa Mike Parson, Mrepublican. Mfano huu hautajwi sana, labda kwa sababu hautoshelezi hadithi ya upande wowote. Lakini sura yake ni ileile ya Minnesota: mrithi wa nyumbani, ndimi zikafunguka.

Bei ilipopanda sana, milango ilifungwa pande zote mbili. Oktoba 2016, Seneta Deb Fischer wa Nebraska aliandika kwenye Twitter kwamba kauli za Trump ni za kuchukiza na kwamba ingefaa ampishe mgombea mwenza wake, Mike Pence. Siku tatu baadaye alisema bado atampigia kura. Kelly Ayotte, seneta wa New Hampshire aliyesema hatampigia Trump, hakurudi nyuma, na mwezi uliofuata alipoteza kiti chake kwa kura zipatazo 1,000. Sidai kwamba hilo ndilo lililomwangusha, maana jimbo lile huwa sare. Ila kila mwanasiasa aliyekuwa akihesabu aliliona. Mwaka 2020, mfanyakazi wa zamani wa Joe Biden alipomtuhumu kwa tukio la mwaka 1993, ambalo Biden alilikanusha, wanawake wakubwa wa Democratic walewale wa Desemba 2017 walikaa kimya kwa wiki kadhaa, kisha wakasimama na mgombea wao. Desemba 2024, Seneta Joni Ernst wa Iowa, ambaye mwenyewe amewahi kueleza hadharani kwamba alibakwa akiwa chuoni, alisita kumuunga mkono Pete Hegseth aliyeteuliwa kuwa Waziri wa Ulinzi huku akikabiliwa na tuhuma ya kingono aliyoikanusha na ambayo hakushtakiwa kwayo. Kwa wiki nyingi wafuasi wa Trump walimshambulia Ernst mtandaoni na kumtishia kumwekea mpinzani kwenye mchujo. Mwishowe, Januari 2025, alimpigia kura ya ndiyo, na Hegseth akapita kwa 51 dhidi ya 50. Ninapolifikiria tukio hili sipati hamu ya kumhukumu Ernst. Napata huzuni kwamba kilichompata kiligeuzwa kuwa kitu cha kupimwa dhidi ya uaminifu wake kwa chama.

Wanaotetea nguvu ya jinsia wana hoja nzuri ambayo sitaki kuipunja. Wanasema, hata kama tarehe inapangwa na chama, bila wanawake jambo lenyewe lisingefika mezani. Nakubali kabisa, na ushahidi bora uko kwenye sheria. Desemba 2018 Bunge lilibadilisha sheria inayolihusu lenyewe: likafuta usuluhishi wa lazima kwa mfanyakazi anayelalamika, na likamtaka mbunge anayepatikana na kosa la kunyanyasa alipe fidia kwa fedha zake mwenyewe, badala ya fedha za walipa kodi. Speier na Gillibrand walikuwa mbele katika kazi hiyo. Machi 2022 ikatiwa saini sheria inayowapa waathirika haki ya kwenda mahakamani hata kama mkataba wao wa kazi uliwafunga kwenye usuluhishi wa siri. Waliosimama nayo katika Seneti ni Gillibrand na Lindsey Graham, yuleyule Graham aliyefoka kwa hasira mwaka 2018 akimtetea Jaji Brett Kavanaugh, aliyeteuliwa Mahakama ya Juu akakabiliwa na tuhuma ya kingono aliyoikanusha. Katika Baraza la Wawakilishi ilipita kwa kura 335 dhidi ya 97. Kumbe watu haohao wanaoshindwa kuketi pamoja mtuhumiwa akiwa na jina na chama, wanaweza kuketi pamoja pakiwa hapana jina. Nadhani hili ndilo somo lililopuuzwa kuliko yote. Posti yenye jina hugawanya, sheria isiyo na jina huunganisha, na waliosukuma sheria hizo kwa miaka ni wanawake.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya pili iliyotolewa kwenye kundi letu, kwamba kwa kuwa wote ni wanafiki, tuhuma zenyewe ni za kisiasa na tuachane nazo. Ina mvuto kwa sababu nusu yake ni kweli. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kila chama kimethibitisha. Lakini unafiki wa anayelaani hausemi lolote kuhusu alichotendewa anayelalamika. Chukua kisa cha Cuomo chenyewe. Msaidizi wake wa zamani alimtuhumu kwenye Twitter Desemba 2020, na karibu kila mkubwa wa Democratic akapita kama hajaona. Wanawake wengine walipojitokeza Februari 2021, ndipo Andrea Stewart-Cousins, kiongozi wa Seneti ya jimbo, akamtaka ajiuzulu mapema Machi, na Machi 12 Gillibrand na Chuck Schumer, kiongozi wa Wademokrat katika Seneti ya Marekani, wakatoa tamko la pamoja siku moja na wabunge wengi wa jimbo lao. Cuomo hakuondoka. Alikaa miezi mitano mingine huku posti zile zikifukiwa na nyingine. Kilichomtoa ni ripoti ya Agosti 3 ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Letitia James, Mdemokrat: kurasa 165, mashahidi 179. Wiki moja baadaye akatangaza kujiuzulu, huku akisema hakumgusa yeyote vibaya. Waendesha mashtaka wa kaunti kadhaa hawakumshtaki, na kesi moja iliyofunguliwa Albany ilifutwa. Januari 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani nayo ilifikia makubaliano na ofisi ya gavana, ikieleza kwamba wafanyakazi wanawake wasiopungua 13 waliwekwa katika mazingira ya kazi yaliyojaa unyanyasaji wa kingono. Hapo kila mtu anaweza kusoma na kupima mwenyewe. Unafiki wa wanasiasa hautupi sababu ya kuzitupa tuhuma. Unatupa sababu ya kutaka mahali pa kuzipeleka pasipotegemea ujasiri wa mwanasiasa.

Na kuhusu “adui wa mwanamke ni mwanamke”, jibu hilo linanikera kwa sababu linafuta mzigo usiogawanywa sawa. Franken aliambiwa aondoke na zaidi ya maseneta 30, wakiwemo wanaume wengi na Schumer mwenyewe, lakini lawama ilibaki na jina moja. Gillibrand alipogombea urais mwaka 2019, wafadhili walimkasirikia waziwazi, na mwezi Agosti akajitoa. Mwaka huohuo maseneta saba waliokuwepo na wa zamani, wanawake wawili wakiwa ndani yake, walimwambia mwandishi wa jarida la New Yorker kwamba wanajutia kumwondoa Franken kabla ya uchunguzi. Fikiria mtu aliyelipa bei hiyo, halafu mwaka 2025 anaulizwa kuhusu kurudi kwa Cuomo, akajibu kwa kuzungumzia nchi inayoamini watu wapewe nafasi ya pili. Jibu hilo liliniumiza. Nalikosoa. Jessica Ramos, seneta wa jimbo aliyemtaka Cuomo ajiuzulu mwaka 2021 kisha akamuunga mkono Juni 2025 akiwa bado mgombea mwenzake, naye namkosoa. Lakini waandishi walizunguka wakiwauliza wanawake hawa swali ambalo wanaume waliosaini matamko yaleyale hawakuulizwa nusu yake. Mwanamke akisema anaadhibiwa, akinyamaza anaitwa msaliti. Mwanaume akinyamaza, habari hakuna.

Kwetu, hesabu ya bei ya kiti ni kali zaidi, na ndiyo maana nimeandika marefu kuhusu nchi ya mbali. Tanzania, wabunge wanawake walio wengi huingia kwa viti maalumu, kupitia orodha ya chama, na Katiba inasema mbunge akipoteza uanachama amepoteza ubunge. Kenya wapo maseneta na wabunge wa kuteuliwa walio katika hali kama hiyo. Tukimtaka mbunge wa namna hiyo amtaje kigogo wa chama chake kwenye ukurasa wake wa X, tunamtaka aweke kiti chote mezani, jambo ambalo hata Gillibrand hakulifanya, maana yeye alikuwa na wapigakura wake. Mwaka 2023 Seneti ya Kenya ilimsimamisha seneta mteule Gloria Orwoba, baada ya kamati kusema ameshindwa kuthibitisha madai ya mambo ya kingono aliyoyatoa kwenye kundi la WhatsApp la maseneta. Sina nafasi ya kuamua ukweli wa madai yale. Naona tu kilichobaki kwa mfanyakazi kijana wa bunge lolote anayefikiria kusema: ameona kilichompata seneta.

Lakini hapahapa pana kumbukumbu inayoelekeza kwingine. Mwaka 2006, Bunge la Kenya lilipojadili Muswada wa Makosa ya Kingono ulioletwa na mbunge wa kuteuliwa Njoki Ndung’u, mbunge mmoja mwanaume alisema kwamba mwanamke wa Kiafrika husema hapana akiwa na maana ya ndiyo. Wabunge wanawake, wa serikali na wa upinzani, waliinuka wakatoka ukumbini. Walikuwa wachache mno, hawakufika 20, na hapakuwa na Twitter. Muswada ulipita mwaka huohuo. Hawakuwa wakimtaja mtuhumiwa wa chama chochote, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kumsaliti bosi wake ili asimame. Hapa Tanzania, sheria ya mwaka 2007 inayosimamiwa na TAKUKURU ilikwisha kuitambua rushwa ya ngono kama kosa. Badala ya kusubiri nani ataposti nini safari ijayo, ningependa tuwaulize wabunge wetu wote, wanaume wakiwa wa kwanza, kanuni za mabunge na vyama vyao zinasema nini mfanyakazi anapomlalamikia mheshimiwa: nani anapokea lalamiko, kwa siku ngapi, na kama chama cha mtuhumiwa kina mkono katika uamuzi. Utafiti wa Umoja wa Mabunge Duniani wa mwaka 2021 kwa wabunge wanawake wa Afrika ulikuta asilimia 39 wamekutana na ukatili wa kingono. Hao ni waheshimiwa wenyewe. Karani na katibu muhtasi hawamo katika asilimia hiyo.

Narudi kwa kijana wa Kampala. Oktoba 22, 2025, katika mdahalo wa mwisho, Mamdani alimgeukia Cuomo akamuuliza anawaambia nini wale wanawake 13, na mmoja wa waliomtuhumu alikuwa ameketi ukumbini. Kipande hicho cha video kilisambaa usiku kucha, nasi tulikituma huku na huku kwa fahari. Lilikuwa swali la haki. Lilikuwa pia swali lisilomgharimu kitu, kwa sababu aliyeulizwa alikuwa mpinzani wake na kila sekunde ya ukimya ilikuwa kura. Sasa Mamdani ana ofisi yake, wasaidizi wake na wakuu wa idara aliowateua mwenyewe. Siku mfanyakazi mmoja wa jiji atakapomlalamikia mmoja wa watu hao, nitafungua ukurasa wake nitazame tarehe ya lalamiko, kisha tarehe ya posti yake, na nihesabu siku zilizo katikati.